Mhunzi Hafanyi Kazi Peke Yake: Somo Kutoka Gerezani na Jangwani



Somo letu la robo mwaka hii linahusu wahunzi, yaani mafundi wanaofua chuma. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, kamati nyingi zinapoandaa mradi wa vijana huweka "ufundi chuma" kwenye orodha bila kuijua vizuri kazi yenyewe. Pili, mafundi wa Kariakoo, Gerezani na bonde la Jangwani jijini Dar es Salaam wamefika mahali ambapo soko lao na eneo lao la kazi vinabadilika kwa wakati mmoja. Wengi wao ni waumini wetu au majirani zetu, na vijana wetu ndio wanaotafuta kwao nafasi ya kujifunza.

Tunapendekeza somo lisomwe kwa sauti katika kikao, sehemu moja baada ya nyingine, kisha maswali ya mwisho yajadiliwe.

1. Mhunzi ni nani?

Mhunzi ni fundi anayelainisha chuma kwa moto na kukipa umbo kwa nyundo. Vifaa vyake vya asili ni vichache: mivukuto ya kupuliza hewa, makaa, koleo la kushikia chuma cha moto, nyundo, na fuawe, yaani kipande kizito kinachopokea pigo la nyundo. Mjini vifaa hivi vimebadilika sura, lakini kazi yake ni ile ile. Mahali pa mivukuto utakuta feni ndogo ya umeme au ya kuzungusha kwa mkono. Mahali pa fuawe utakuta kipande cha reli au ekseli ya lori iliyosimikwa ardhini.

Wengi wao hawajiiti wahunzi. Utasikia "fundi chuma", "fundi bati" au "fundi wa kuchomelea". Wanaofua chuma kwa moto ni wachache kuliko wanaokunja bati likiwa baridi au kuunganisha vyuma kwa umeme. Katika somo hili tunawaweka wote pamoja, kwa sababu wanaishi kwa kutegemeana, kama tutakavyoona.

2. Ufundi wenye mizizi mirefu

Wapo wanaodhani ufundi huu ulikuja na reli au na shule za ufundi. Sivyo. Mkoani Kagera, mabaki ya matanuru ya kuyeyushia chuma yana umri wa takriban miaka 2,000. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo waliwajengea watafiti tanuru upya na kuyeyusha chuma mbele yao. Taarifa ya watafiti hao, Peter Schmidt na Donald Avery, ilichapishwa mwaka 1978. Ilitoa hoja kwamba mabomba ya udongo yaliingizwa ndani kabisa ya tanuru, hivyo hewa ilipata joto kabla ya kukutana na makaa, na moto ukawa mkali zaidi.

Huko Ufipa matanuru yaliyoitwa malungu yalikuwa marefu kumpita mtu, na yalivuta hewa yenyewe bila mivukuto. Ugweno, katika milima ya Upare Kaskazini, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi, na chuma chao kiliuzwa hata kwa majirani wa Kilimanjaro. Usinza, kusini mwa Ziwa Victoria, Warongo walitengeneza majembe yaliyofika hadi soko la Tabora. Jembe wakati huo lilikuwa zaidi ya kifaa cha shamba: lilitolewa mahari na lilitumika kama fedha.

Mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa pia. Katika jamii kadhaa laana ya mhunzi ilihesabiwa kuwa nzito kuliko laana ya mtu wa kawaida, kwa sababu hakuna aliyeweza kulima, kuoa wala kujilinda bila kupita mlangoni pake.

Maandiko nayo yanalijua jambo hili. Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 13, kinaeleza jinsi Wafilisti walivyohakikisha kwamba Israeli haina mhunzi. Matokeo yake wakulima walilazimika kuwafuata adui zao ili wanolewe majembe, tena kwa malipo, na siku ya vita ni Sauli na Yonathani tu waliokuwa na silaha. Funzo lake kwa mtu wa maendeleo ni wazi: jamii inayopoteza mafundi wake huendelea kuhitaji zana, ila huzipata kwa masharti ya wengine.

3. Bidhaa hufa, karakana hubaki

Uyeyushaji wa chuma cha asili ulikufa nchini katika miongo ya kwanza ya karne ya 20. Chuma cha viwandani kutoka Ulaya kilikuwa rahisi, na tanuru la asili lilihitaji makaa mengi na siku nyingi za kazi. Hata hivyo wahunzi hawakutoweka. Waliacha kutafuta mawe ya chuma, wakaanza kufua chuma chakavu. Tanuru lilizimika, lakini fuawe ikabaki.

Jambo kama hilo lilitokea mbali na kwetu, na wasomaji wetu wa Ulaya watalitambua. Katika vijiji vya Ireland karakana ya mhunzi ilikuwa mahali pa kukutania. Wanaume walileta farasi kupigiliwa viatu vya chuma na, wakingoja zamu, walipeana habari. Nako mhunzi aliaminiwa kuwa na nguvu za pekee: watu walitumia maji aliyopoozea chuma kama dawa ya ngozi. Trekta lilipochukua nafasi ya farasi katikati ya karne ya 20, karakana nyingi zilifungwa. Waliosalia ni wale waliogeukia mageti, matela na matengenezo ya mashine za shamba.

Tunautaja mfano huu kwa sababu mafundi wa Gerezani nao wana "farasi" wao, na farasi huyo ni jiko la mkaa. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema kwa misitu yetu na kwa mapafu ya mama zetu. Lakini kamati ijiulize mapema: fundi aliyelea familia yake kwa majiko ya mkaa atafua nini?

4. Kwa nini mafundi hukaa pamoja

Anayefika Gerezani mara ya kwanza husikia kelele kabla hajaona kitu. Akitulia na kutazama kazi ya siku moja, ataona kwamba kelele ile ina mpango. Tuchukue mfano wa jiko moja.

Pipa la lita 200 au bati kuukuu hutoka kwa muuza chuma chakavu. Fundi wa kwanza hulipasua kwa patasi na nyundo, akalinyoosha. Wa pili hupima kwa kiolezo na kukata vipande. Wa tatu hukunja mwili wa jiko kwenye kipande cha bomba. Mwingine hutoboa sahani ya kupitishia majivu, mwingine hupiga ribiti za miguu na vishikio, na kijana anayejifunza hupaka rangi. Jioni mchuuzi wa Kariakoo huchukua majiko kwa jumla, na mengine hupanda mabasi na malori kwenda mikoani. Mtu mmoja angeweza kuyafanya yote hayo, lakini angefanya polepole na kwa gharama kubwa zaidi.

Karibu na hapo yupo anayefua patasi na visu kwa springi za magari, na yupo anayetengeneza masanduku ya bati, karai, toroli, vitanda na mageti. Wapo pia wanaounda mashine ndogo za kukamua mafuta, kupukuchua mahindi na kufyatua matofali. Ushirika wa viwanda vidogo wa DASICO upo hapo hapo Gerezani. Mashine ikiharibika, mwenye nayo humkuta aliyeitengeneza, na mwenye spea yuko mtaa wa pili.

Ukaribu huu ndio mtaji mkubwa wa fundi kuliko hata mashine yake. Anaazima kifaa badala ya kununua. Anapokea oda kubwa kwa sababu anaweza kuigawa kwa wenzake. Mteja akikosa kitu kwake, hupelekwa kwa jirani, na kesho jirani naye humleta wa kwake.

Ni kwa njia hiyo hiyo mambo mapya huenea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchini Kenya, wataalamu walibuni jiko lenye kiuno chembamba na ndani likiwa na udongo uliochomwa, wakichota wazo kutoka jiko la ndoo la Thailand. Jiko hilo hutumia mkaa kidogo kuliko jiko la bati tupu. Lilienea kwa sababu mafundi wa jua kali wa Nairobi walilishika, wakalirahisisha na kufundishana, na baadaye likafika kwetu kwa jina la jiko bora. Mtaalamu alichora, lakini aliyelifikisha jikoni ni fundi aliyekaa karibu na fundi mwenzake.

5. Elimu iliyo mkononi

Wako wanaosema mafundi hawa hawana elimu. Hebu tutazame kazi ya kukaza ncha ya patasi.

Fundi huchagua springi ya gari, kwa sababu anajua chuma hicho hukubali kukazwa, tofauti na nondo ya kawaida. Huipasha moto hadi iwe nyekundu iliyoiva, akaifua, akaipa umbo. Huipasha tena ncha, kisha huichovya majini au kwenye mafuta machafu ya injini. Sasa ncha ni ngumu sana, lakini ni kama kioo: ukiipiga itakatika. Kwa hiyo huisugua ing'ae na kuliacha joto lililobaki mwilini mwa patasi lipande polepole kuelekea nchani. Rangi hubadilika machoni pake, kutoka njano hafifu kwenda kahawia, zambarau, hatimaye buluu. Kwenye rangi anayoitaka huizamisha yote kwa mara ya mwisho. Akichelewa kidogo, patasi itakuwa laini. Akiwahi, itavunjika.

Fundi huyo huenda hajawahi kushika kipimajoto, lakini rangi hizo zinamwambia joto kwa usahihi unaotosha. Hujifunza hivyo kwa kusimama karibu na mtu anayejua, miezi na miaka. Ndiyo maana karakana ni shule. Ikivunjwa, tunavunja shule isiyo na kibao mlangoni.

Shirika la kuhudumia viwanda vidogo, SIDO, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na mamlaka ya elimu ya ufundi, VETA, ikafuata kwa sheria ya mwaka 1994. VETA ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Fundi aliyejifunzia mtaani hupimwa, huelekezwa palipo na upungufu, na akifaulu hupewa cheti. Kwa kijana anayetaka zabuni au ajira rasmi, cheti hicho hufungua mlango.

6. Hatari zinazonyamaziwa

Tusiisifu kazi hii tukasahau inavyoumiza. Kamati inayopeleka kijana kwa fundi ina wajibu wa kuzijua hatari hizi:

- Mapipa. Pipa lililobeba mafuta au kemikali hubaki na mvuke hata likionekana tupu. Likiguswa na moto linaweza kulipuka. Lifunguliwe, lioshwe vizuri, na lijazwe maji kabla ya kukatwa kwa moto. Kama aliyeliuza hajui lilibeba nini, lisichomwe kabisa.
- Moshi wa bati la mabati. Bati hilo limepakwa zinki. Likichomelewa hutoa moshi unaoleta homa, kutetemeka na kichwa kuuma jioni ya siku ile. Mafundi wengi hunywa maziwa wakiamini yanasafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni, si kwenye mapafu. Kinga ni kukwangua zinki mahali pa kuchomelea, kufanya kazi penye upepo, na kukaa upande unakotoka upepo huo.
- Rangi za zamani. Baadhi zina risasi. Zikichomwa, moshi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wanaocheza karibu.
- Macho na masikio. Miwani ya kawaida ya jua haizuii mwanga wa kuchomelea. Na kelele za nyundo huua usikivu kidogo kidogo, bila maumivu, hata mtu asitambue hadi umri umekwenda.

Miwani sahihi, vizibo vya masikio na glavu za ngozi ni vitu vidogo kwenye bajeti. Mara nyingi vinakosekana kwa sababu hakuna aliyeviandika.

7. Mahali pa kazi panapohama

Sasa tufike kwenye jambo linalowasumbua zaidi. Bonde la Jangwani ni njia ya Mto Msimbazi. Desemba 2011 mvua kubwa zilileta mafuriko yaliyoua makumi ya watu jijini, na familia nyingi za mabondeni zikapelekwa Mabwepande, nje ya jiji upande wa kaskazini. Baadaye karakana ya mabasi yaendayo haraka pale Jangwani nayo ilikumbwa na maji zaidi ya mara moja. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, ukiwa na mpango wa daraja jipya la Jangwani na kuhamisha watu walio katika hatari.

Hatuwezi kumshauri mtu abaki penye maji yanayoua. Pia mji lazima upate barabara na masoko. Lakini kuhama kwa mhunzi si sawa na kuhama kwa mpangaji wa chumba. Mpangaji hubeba kitanda chake. Mhunzi anaweza kubeba nyundo na fuawe, lakini hawezi kubeba muuza chuma chakavu, fundi wa kukunja, mchuuzi wa jumla, na wateja wanaojua kwamba "nenda pale utampata". Akipewa kiwanja kizuri kilomita 30 kutoka hapo, peke yake, amepewa ardhi lakini amepoteza karakana.

Tulilishuhudia hilo pia kwa wafanyabiashara wadogo. Oktoba 2021 machinga walipoelekezwa kuhamia maeneo maalumu nchini, yalifaa yale yaliyokuwa na wateja wanaopita. Penye paa na vizimba bila wateja, watu hawakukaa.

Kwa hiyo swali la "wahame au wasihame" halitoshi. La kuuliza ni hili: wanahama na nani, wanahamia karibu na nini, na je, mahali papya pako tayari kabla pa zamani hapajavunjwa?

8. Kamati na wafadhili wafanye nini?

Kwa kamati za sharika, tunapendekeza hatua hizi:

1. Orodhesheni kabla ya kuandika mradi. Zungukeni mtaani mjue mafundi ni wangapi, nani anategemea kazi ya nani, na chuma hutoka wapi. Karatasi hiyo itawasaidia pia siku tangazo la kuhama litakapokuja, kwa sababu asiyeandikwa popote ni vigumu kudai fidia.
2. Wapelekeni vijana kwa mafundi waliopo. Kumpa kijana seti ya vifaa siku ya kuhitimu na kumwacha peke yake kijijini ni kumwandalia njia ya kuviuza. Mkataba wa miaka miwili na fundi, wenye posho ndogo kwa fundi kwa ajili ya kufundisha, huzaa zaidi.
3. Saidieni kikundi kisajiliwe. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kusemwa naye mezani. Kinaweza pia kuomba mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024.
4. Nunueni kwao. Madawati, mageti, majiko ya kuokoa kuni ya shule na majukwaa ya matanki ya maji ya usharika yanaweza kufuliwa na mafundi wa mtaani. Oda moja yenye kipimo na malipo kwa wakati hufundisha kuliko semina ya siku tatu.
5. Tafuteni bidhaa ya kesho. Jiko la mkaa litakapopungua, zitahitajika stendi za mitungi ya gesi, majiko ya shule ya nishati nyingine, fremu za paneli za umeme wa jua, na mashine za usindikaji. Waulizeni mafundi wenyewe wanaweza nini, kabla ya kuleta mtaalamu kutoka mbali.

Kwa marafiki wafadhili tunaomba jambo moja. Mradi wa mashine mpya hupigwa picha nzuri, na paa, sakafu, umeme salama na miaka miwili ya kujifunza havipigwi picha vizuri. Hata hivyo hivyo ndivyo vinavyoibakiza karakana. Mkitaka kupima matokeo, msihesabu vifaa vilivyogawiwa. Ulizeni baada ya miaka mitatu ni vijana wangapi bado wanashika nyundo, na ni wangapi kati yao wana mwanafunzi wa kwao.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa au kijiji chetu, nani hutengeneza jembe, geti au sufuria iliyotoboka? Akiondoka leo, tutakwenda kwa nani, na kwa gharama gani?
2. Soma 1 Samweli 13:19–22. Ni ufundi gani mwingine ambao jamii yetu imeupoteza, na sasa tunaununua kwa masharti ya wengine?
3. Usharika wetu ulinunua vifaa gani vya chuma mwaka uliopita, na vilitoka wapi?
4. Je, tunao vijana waliojifunzia kazini ambao hawajapimwa ujuzi wao na VETA? Nani kati yetu atawafuatilia, na lini?
5. Tukisikia kesho kwamba mafundi wa eneo letu wanahamishwa, tutasimama nao kwa kufanya nini katika wiki ya kwanza?

Katibu wa kamati aandike majibu ya swali la tano na kuyaweka kwenye jalada la usharika, pamoja na ile orodha ya mafundi. Tungependa kupata nakala, ili toleo lijalo tushirikishane yaliyopatikana.